Gugu la Mlangoni kwa Wifi

Thornton Heath, London
14 Aprili 1997

Kwako wifi yangu Ann,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Natumaini u mzima, unakula na kulala. Mimi mwili hauna neno, ila kifua kinanisumbua kwa hii baridi isiyotaka kuondoka hata Aprili. Nyumbani Wundanyi wote hawajambo isipokuwa Mama, na sababu yake unaijua.

Salamu zimekwisha. Sasa sikiliza. Tangu Novemba nimejikaza nisikuandikie, nikihofia kalamu itaandika mambo ambayo hata shetani angeona haya kuyasoma. Siku ile nilikuja na nguo nyeusi, nikijua tumekuja kumwombea ndugu yangu kisha asafirishwe kwao. Nikakuta sanduku linapita nyuma ya pazia, na muziki unapigwa na mashine. Nikamuuliza yule mzungu mwenye tai, "Anapelekwa wapi?" Akaniambia kwa upole kwamba ndiyo mwisho. Cosmas wetu, Mtaita wa mlimani, akachomwa moto kama matawi ya bustani! Kwetu hajawahi kuchomwa mtu. Hata asiye na jamaa huzikwa, wakatokea watu wa kumwimbia.

Mama hajavunja matanga mpaka leo. Analala chini, kwenye mkeka, na ukimwambia apande kitandani anakuuliza mwanawe amelala wapi. Kando ya kaburi la Baba pamefyekwa na mawe yamekusanywa. Gari likisimama barabarani anatuma mtu akaangalie. Amezeeka miezi hii mitano kuliko miaka kumi iliyopita.

Sitaki unieleze kwa nini ulimfanya hivyo. Nataka majivu. Nipe nimpelekee mama yake, azikwe na watu wake, kisha mimi na wewe tuachane, kila mtu ashike njia yake. Ukininyima nitakutesa, Ann. Bado sijui nitatumia njia gani, lakini unanijua sina mkono mwepesi wa kusamehe.

Kazi nimebadilisha. Nimeacha kulea wazee, siku hizi niko na genge la Kuldip, yule Singasinga mzaliwa wa Voi ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli. Kaunsili imempa kandarasi ya kuangamiza magugu yanayovamia kando ya barabara za mashambani. Tutafika hata huko kwenu, nasikia bado ni London kwenye karatasi ingawa mnaishi na kondoo.

Nijibu upesi.

Wifi yako,
Dinah


Shamba la farasi
6 Mei 1997

Kwako wifi Dinah,

Nimezipokea salamu zako na nakurudishia zangu, ingawa zako zilikuja zimebeba matusi mgongoni. Mimi sijambo. Wenye shamba wameniruhusu nibaki katika nyumba hii ndogo aliyopewa Cosmas alipokuwa akiwatunzia farasi, na kazi yangu ya kulea wazee inaendelea. Kifua chako kichemshie tangawizi, usikipuuze kama kawaida yako.

Unasema hutaki kuelezwa. Nitakueleza hata hivyo, maana naona umesahau, na wewe si mtu wa kusahau.

Lila wangu alikuwa na miezi minne alipofariki kwa homa. Cosmas alikuwa kazini Mombasa na habari hazijamfikia. Nilikodi gari kutoka Voi nikampandisha mtoto mpaka Wundanyi, nimempakata, nimemfunga kwenye leso yangu mpya. Nilijua nampeleka kwa babu yake. Wazee wenu walinikuta langoni. Wakaniambia posa haijapelekwa, mwanamke hajulikani ni wa nani, basi na mtoto si wa ukoo, hana haki ya kulazwa ndani ya boma. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yao, kanga mabegani. Yeye ndiye aliyesema, "Mpeleke kwenu." Kwetu wapi, Dinah? Marehemu mama yangu alipanga chumba kimoja nyuma ya baa, na mnalijua hilo nyote. Na aliyefunga lango ni wewe. Nakumbuka ulivyolisukuma kwa mguu kwa sababu mikono yako ilikuwa na unga.

Nilimzika Lila katika makaburi ya umma, mimi na dereva wa gari la kukodi. Nilipokwenda kumwona mwaka uliofuata walikuwa wamemlaza mtu mwingine juu yake. Cosmas alipopata habari alilia, lakini hakumuuliza mama yake hata neno. Yeye nilimsamehe, kwa kuwa nilimpenda. Ninyi sijawasamehe hata siku moja.

Mlimnyima mtoto wangu ardhi yenu, nami nimewanyima mtoto wenu. Mama akiuliza Cosmas amelala wapi, mwambie amelala. Inatosha.

Nakutakia afya njema.

Wifi yako,
Ann


Thornton Heath
27 Juni 1997

Wifi Ann,

Hujambo? Sikuulizi kwa desturi tu, nauliza kwa sababu juzi nilikuona, na nilikuona umekonda.

Kwanza tumalize la Lila. Mimi nilitumwa kufunga lango, nikafunga. Walioamua ni wazee, na kwetu binti wa umri wangu hakuwa na sauti mbele yao. Kama ulikuwa na kinyongo ungekuja kunitukana mimi, ungenipiga makofi, ningekupokea. Lakini wewe ulisubiri mpaka mtu amekufa, hawezi kusema, ukamlipizia yeye. Huo ni uoga.

Sasa nikwambie nilivyokuona. Jumanne tulikuwa kwenye barabara yenu. Yule mtu aliyekaa nyuma ya lori, kofia ngumu kichwani na barakoa usoni, alikuwa mimi. Ulitoka mbio na ndara, ukavuka barabara bila kuangalia magari, ukasimama mbele ya yale mashina marefu yaliyo mkabala na mlango wako, umetandaza mikono kama mama kuku. Nilidhani umechanganyikiwa. Kuldip alikuwa tayari amevaa tangi la dawa mgongoni.

"Baba, haya uyaache," ulimwambia. Ulianza kwa Kiingereza, ukaingia Kiswahili uliposikia ametaja Voi.

"Dada, unajua hii ni nini? Hii ni gugu la Kijapani. Ikiingia chini ya nyumba inapasua saruji. Wazungu wakiiona wanalia."

"Nyumba si yangu. Na haya yako barabarani, hayamsumbui mtu. Yanatoa maua meupe mazuri mwezi wa tisa. Naomba tu, baba yangu."

Kuldip ana moyo wa uji. Alikuchangamkia kwa maneno ya nyumbani nawe ukamchangamkia, mkaulizana habari za stesheni na nani bado anauza mkate, na mwisho akavua tangi. Akakwambia sawa, tutarudi Septemba, dawa inashika zaidi gugu likiwa na maua. Ulimshukuru mpaka ukapiga magoti kidogo. Mimi nilibaki nyuma ya barakoa yangu nikikutazama.

Tangu nikujue sijaona ukimpigia mtu magoti. Hata Mama hukumpigia. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi nikiwa kwenye basi, na kila nikiirudia moyo wangu unapata raha.

Kumbe kuna kitu unachokipenda. Nashukuru kwa kunionyesha.

Wifi yako,
Dinah


Shamba la farasi
10 Julai 1997

Kwako wifi yangu Dinah,

Shikamoo nakupa leo, ingawa hatujazoea kuamkiana hivyo, na ingawa tuko rika moja. Natumaini kifua kimepona. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Sitabishana na wewe juu ya lango. Nina ombi moja tu, na unajua mimi si mwombaji. Yale mashina ya mbele ya nyumba yangu, yaache. Ongea na Kuldip, anakusikiliza. Mwambie hapa hakuna shida, na kweli hakuna. Barabara ni pana, na nyumba pekee iliyo karibu ni hii yangu. Cosmas aliyapenda. Sababu nyingine usiniulize.

Ukinifanyia hili nitakuwa na deni la hisani kwako, na hisani yako nitailipa kwa namna utakayosema, isipokuwa lile uliloliomba Aprili. Hilo siwezi.

Wasalimie wote.

Wifi yako,
Ann


Thornton Heath
30 Julai 1997

Kwako Ann, mke wa ndugu yangu,

Salamu sana. Hapa kwangu joto limeingia, madirisha yote ya mtaa yako wazi na kila mtu anasikia redio ya mwenzake. Nimepona kabisa. Wewe je, unalala?

Shikamoo yako niliisoma kwenye basi nikacheka kwa sauti. Mwanamke aliyekaa kando yangu akahama kiti. Ann ananiamkia! Ningekuwa na simu ya kumpigia Mama saa ile ningempigia.

Nami nina moyo, usinione hivi. Nimefikiri nikaona tufanye kama watu wazima. Wewe unataka maua yako, mimi nataka ndugu yangu. Nipe Cosmas, nikuachie maua. Nitakuja mwenyewe Jumamosi yoyote utakayotaja, nitasimama barabarani hata ndani sitaingia, utanikabidhi nami nitaondoka. Kuldip nitamwambia kwamba nimekagua na lile gugu limekufa, na neno langu analiamini kwa sababu mimi ndiye ninayetangulia kukagua kila barabara. Utakaa na mashina yako mpaka uzeeke.

Ukikataa, usidhani itakuwa dawa tu. Dawa ni ya kupuliza, majani yanakauka, mwaka unaofuata yanachipua kidogo, unapuliza tena, hivyo hivyo mpaka mzizi ukate tamaa. Ungepata muda wa kuyaaga. Lakini kuna njia ya pili, tunayoitumia pale gugu linapokaribia bomba au kalvati, ule mfereji wa maji unaopita chini ya barabara. Inaletwa mashine ya kuchimba. Tunachimba chini kuliko kimo cha mtu, tunabeba shina, mzizi, na udongo wote uliokuwa umeuzunguka, maana hata kipande cha ukubwa wa ukucha kinaweza kuota. Hapabaki hata unyasi, Ann. Utafungua mlango asubuhi uone shimo.

Na kalvati ipo pale karibu. Si karibu sana, lakini anayepima ni mimi.

Mama amenitumia barua iliyoandikwa na mwalimu wa jirani. Anauliza kama mwanawe ameshakaribia kuletwa. Nimemjibu asichoke kungoja, nalishughulikia. Basi chagua. Nakungoja mpaka mwisho wa Agosti.

Wifi yako,
Dinah


Shamba la farasi
3 Septemba 1997

Wifi Dinah,

Salamu. Mimi mzima, natumaini nawe u mzima.

Barua yako niliipata. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nafikiri. Nimefikiri mpaka nikamaliza.

Fanya kazi yako.

Wifi yako,
Ann


Thornton Heath
27 Septemba 1997

Kwako wifi yangu mpendwa Ann,

Unaendeleaje? Umeamkaje leo, ulipofungua mlango? Mimi nimeamka mzima kabisa, mgongo tu unauma kidogo, lakini ni maumivu matamu.

Najua uliona, lakini nakuandikia kwa sababu huenda ulijificha ukakosa baadhi. Nilimwambia Kuldip mizizi imefika kwenye kalvati, na mvua za baridi zikija maji yataziba na barabara itafurika. Uongo mtupu. Alikuna ndevu akasema, "Lakini nilimwahidi yule dada wa Voi." Nikamwambia ahadi yake haitazuia mafuriko, na kaunsili itamuuliza yeye, si dada wa Voi. Akasaini kibali cha kuchimba.

Yalikuwa yamechanua, nakiri, meupe kama ulivyosema, na nyuki tele. Mashine ilipouma mara ya kwanza nilihisi kitu kinafunguka kifuani mwangu ambacho kilikuwa kimefungwa tangu siku ile ya pazia. Yalianguka yote upande mmoja. Dereva wa mashine alitaka kuziacha kingo nikamkataza. Nilishika beleshi mwenyewe, nikashuka shimoni na buti zangu, nikakwangua pembeni mpaka ukaonekana udongo mwekundu usio na mzizi. Wenzangu walinitania kwamba leo Dinah analipwa mara mbili. Tukapakia kila kitu kwenye lori lililotandikwa plastiki, tukafunika turubai, tukaosha hata matairi. Kuna jaa maalumu la takataka za namna hiyo. Wanazika chini sana, wanashindilia udongo wa mfinyanzi juu, na hapafunguliwi tena milele.

Nilijua uko dirishani. Pazia lilikuwa limesogezwa. Kwa hiyo nilivua barakoa ili usije ukakosea ukadhani ni mtu mwingine, nikakupungia mkono, nikacheka. Nilicheka kwa moyo wote, Ann. Sijacheka hivyo tangu Cosmas alipofariki.

Sasa nawe umejua mtu anavyojisikia akija akakuta chake kimeondolewa bila kuulizwa. Nami sijamaliza. Majivu nitayapata, hata kama ni kwa kutafuta wakili au kwa kulala mlangoni kwako. Umebaki na nyumba na mkebe wa majivu. Nyumba kaa nayo.

Wifi yako,
Dinah


Shamba la farasi
14 Oktoba 1997

Kwako wifi Dinah,

Natumaini mgongo umepoa. Jikande kwa maji moto yenye chumvi kila jioni, uchimbaji si kazi ya mchezo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Sikujificha. Nilivuta kiti mpaka dirishani mapema, kabla lori lenu halijafika, nikachemsha chai, nikaona yote tangu mwanzo. Nilikuona ukishuka shimoni. Nilikuona ukivua barakoa. Ninakubaliana na wewe, ulicheka vizuri.

Sasa nami nikueleze, kwa kuwa huenda kuna ulichokikosa.

Mwezi wake wa mwisho Cosmas hakuweza kutembea. Aliomba kitanda kisogezwe dirishani ayatazame yale maua, na yalikuwa yamechanua kama mlivyoyakuta. Alisema ndiyo mmea pekee wa nchi hii usioomba ruhusa ya mtu. Mwezi wa kumi na mbili, nilipokabidhiwa majivu, nilivuka barabara nikamwaga yote pale kwenye mashina. Nikachanganya na udongo kwa mikono yangu, nikamwagia maji. Mwezi wa nne yalichipua mengi kuliko mwaka wowote.

Nilichagua barabarani makusudi. Ile ni ardhi ya umma. Hapana lango, hapana wazee, hapana mama mkwe wa kusimama na kanga yake akaamua nani ana haki ya kulala hapo na nani hana.

Mlipokuja na lile tangi la dawa niliogopa, nikawaombeni, Kuldip pale barabarani na wewe kwa barua. Dawa haingemdhuru Cosmas, lakini sikutaka akose kivuli. Kisha ukaniandikia: nipe Cosmas, nikuachie maua. Nilikaa na barua hiyo mwezi mzima. Kuna siku nilikuwa nimeshaandika nusu ya ukweli. Kama ningekwambia, ungekuja na sanduku ukajaza udongo, ukampelekea Mama, akauzika kando ya Baba, watu wakaimba, matanga yakavunjwa na mkeka ukakunjwa. Angelala vizuri. Na Lila wangu angebaki kule kule, mgeni juu yake.

Nikaona heri nimkose mimi kuliko mumpate ninyi. Kwa hiyo nilikwambia ufanye kazi yako, na umeifanya. Dereva alitaka kuacha kidogo kwenye kingo. Wewe ndiye uliyekwangua.

Uliyoyapakia kwenye lori ni ndugu yako.

Nakutakia afya njema.

Wifi yako,
Ann


Thornton Heath
19 Oktoba 1997

Ann,

Niambie unanidanganya. Niandikie hata neno moja, sema umetunga ili kuniumiza, nitakubali nimeumia, umeshinda.

Nilikwenda kule jaani na Kuldip. Nilimwambia kila kitu njiani, akasimamisha gari kando, kisha tukaendelea. Mlinzi wa getini alitusikiliza vizuri. Akasema mizigo ya siku ile iko chini kabisa, imeshafunikwa, juu yake imepakiwa mingine, na sheria yenyewe hairuhusu udongo ule kuguswa. Nikamuuliza ni upande gani angalau. Akanyoosha mkono tu, kule kote. Nilitaka kushuka nikaangalie, Kuldip akanishika.

Buti zangu bado zina udongo. Nimezikwangua kwenye gazeti, nikapata kidogo, lakini nimefanya kazi kwenye barabara nyingine nyingi tangu siku hiyo na sijui upi ni upi. Siwezi kumpelekea mama yangu tope nisilolijua.

Wewe ni mwanamke mbaya. Nitakuchukia mpaka niingie kaburini, na kila asubuhi nitaamka nikikuombea mabaya. Lakini kama kuna chochote kilichobaki, chini ya mkebe, kwenye mfuniko, kwenye nguo uliyovaa siku ile, nipe. Kijiko kimoja. Nitakupigia magoti katikati ya barabara watu wakiona.

Na Mama asijue. Nakuomba hilo tu ukikataa mengine yote. Nina barua yake ya pili hapa, anasema ameongeza mawe. Nitamwambia mwenyewe, nitafute maneno, nitafute namna. Amebaki na mimi peke yangu. Asije akaisikia kwa mtu mwingine.

Dinah


Shamba la farasi
29 Novemba 1997

Kwako wifi yangu Dinah,

Salamu nyingi. Natumaini unapata usingizi na kwamba baridi ya mwaka huu haijakurudisha kwenye kifua. Mimi sijambo. Kaunsili imejaza shimo na kupanda nyasi, zimeanza kushika.

Sikudanganyi. Wala hakuna kilichobaki, mkebe niliuosha siku ile ile ukachukuliwa na gari la taka, na nguo nilizifua. Ningekuwa nacho nisingekupa, lakini sina.

Kuhusu Mama, ombi lako limechelewa. Nilimwandikia jioni ile ile niliyokuandikia wewe, nikazitia posta pamoja. Sikumtukana wala sikutia chumvi. Nilimweleza Cosmas alikuwa amelazwa wapi, nani aliyetaka achimbuliwe, niliyoyaona nikiwa dirishani, lori lilielekea wapi, na kwamba hapafunguki.

Jibu lake limenifikia jana, kwa mwandiko wa yule mwalimu. Sikutarajia. Hakunilaani, Dinah. Amenisalimia, ameniuliza afya yangu, ameniita mkwe kwa mara ya kwanza tangu anijue. Anasema mkeka ameukunja na yale mawe amewapa majirani wajengee. Kisha akaniuliza swali moja tu. Anasema hilo ndilo linalomnyima usingizi, na kwamba hataki kukuuliza wewe kwa kuwa anaogopa utamdanganya. Anataka kujua kama ni kweli ulikuwa unacheka.

Nimemjibu kwamba ni kweli.

Nakutakia afya njema na Krismasi njema.

Wifi yako,
Ann